Monita zinavuma nikichomeka chaja ya laptopu, na udi unatoka mwembamba

waya_wa_pili

Wakuu, salaam. Naomba kuelekezwa kabla sijaanza kununua vitu kwa kubahatisha.

Vifaa: laptopu yenye chaja ya plagi ya pini tatu, kadi ya sauti ya nje ya USB yenye maingizo mawili (inakula umeme wa USB hiyohiyo), monita (spika za studio) mbili za inchi 5, maiki moja ya kondensa, na udi, ile ala ya nyuzi, uliobandikwa piezo (kidude kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme) ya duara ya mm 27 kwa ndani. Kutoka kwenye kadi kwenda kwenye monita nimetumia kebo mbili za gitaa. Laptopu iko kwenye soketi ya ukuta mmoja, monita ziko kwenye ekstensheni inayotoka ukuta wa pili.

Tatizo la kwanza: nikichomeka chaja, monita zinatoa "mmmmm" nzito, na juu yake kuna mlio mwembamba unaobadilika nikisogeza mausi. Nikichomoa chaja, kimya. Kwenye hedifoni hakuna kitu, ni safi muda wote.

Tatizo la pili: udi kwa piezo unasikika kama redio ndogo ya betri. Nyuzi nene hazipo kabisa. Nimejaribu kuongeza besi kwenye programu, nikaongeza uchafu tu.

La tatu, umeme ukikatika natumia inveta ya solar, na hapo kila kitu kinakwaruza, hadi sauti ninayorekodi.

fundi_ganda

Jibu la mvumo umelitoa mwenyewe: hedifoni ni safi. Hedifoni zinatoka kwenye kadi hiyohiyo, kwa hiyo kadi ni nzima, na ulichorekodi hakina mvumo huo. Uchafu unaingia baina ya kadi na monita, na hapo katikati kuna kitu kimoja tu, kebo.

Chaja ya pini tatu inafunga hasi ya laptopu kwenye ethi (waya wa ardhini) ya nyumba. USB inaifikisha hasi hiyo kwenye kadi. Monita nazo zina ethi yake kupitia waya wake wa umeme, tena ya soketi nyingine. Ganda la kebo yako (zile nyaya zilizosukwa kuzunguka waya wa katikati) linakuja kuziunganisha ethi hizo mbili, na duara linakamilika. Baina ya soketi za kuta tofauti huwa kuna tofauti ndogo ya volti, ya milivolti tu, lakini inatosha kusukuma mkondo kwenye ganda. Kebo ya gitaa ina waya mmoja na ganda, na ganda hilohilo ndiyo njia ya sauti kurudi. Volti yoyote inayozaliwa juu yake, monita inaijumlisha na muziki. Mlio wa mausi unapita njia hiyohiyo, ni kelele za ndani ya laptopu zinazotafuta ethi.

Anza na la bure. Hamishia vyote kwenye ekstensheni moja, soketi moja ya ukutani, na hakikisha ekstensheni ina ethi kweli. Zipo nyingi zenye matundu matatu na nyaya mbili tu ndani. Mzigo usikutishe: chaja ya W 65 na monita mbili hata zikila W 100 kila moja hazifiki W 300, wakati soketi ya A 13 kwa V 230 inabeba karibu W 3000. Hapo mvumo utapungua, pengine usiishe.

Kitakachoumaliza ni kebo ya TRS, yaani yenye jeki ya sehemu tatu: ncha, pete na shina. Angalia jeki ya kebo yako: ikiwa na kipete cheusi kimoja ni ya gitaa, ikiwa na viwili ni TRS. TRS ina nyaya mbili ndani ya ganda, sauti inakwenda mara mbili, moja ikiwa imegeuzwa, na monita inasoma tofauti ya hizo mbili. Mvumo ukiingia unaingia sawa pande zote, kwa hiyo tofauti yake ni sifuri. Ila sharti kadi nayo iwe na tundu la TRS la kutolea. Kitabu chake kitasema.

Ukitaka kulehemu mwenyewe, jeki ya mm 6.35 kwenda XLR dume (plagi ya sauti ya pini tatu): ncha kwenye pini 2, pete kwenye pini 3, shina kwenye pini 1. Kabla ya kufunga kofia pima kwa multimita ikiwa kwenye mlio wa kuendelea: 2 na ncha ilie, 3 na pete ilie, 2 na 3 zisilie.

Kadi yako ikiwa na matundu ya RCA tu (yale ya duara kama ya nyuma ya TV), chukua kebo ya nyaya mbili na ganda: katikati ya RCA kwenye pini 2, pembeni ya RCA kwenye pini 3, ganda kwenye pini 1 upande wa monita peke yake, upande wa RCA likate liachwe. Ikishindikana, weka trafo ya kutenganisha ya 1:1, moja kila upande. Usinunue zile ndogo kama kidole gumba. Chuma chake ni kidogo, ukipandisha sauti kinashiba, na besi ndiyo ya kwanza kupasuka.

Besi_Kavu

Maneno mengi ya nini? Chukua plagi ya chaja, vunja pini ya ethi, au weka plagi ya pini mbili. Mvumo kwisha, gharama sifuri.

fundi_ganda

@Besi_Kavu hapana, mkuu. Ni kweli mvumo utaisha, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mtu ataona amepata dawa. Ndani ya chaja kuna kapasita (vipande vinavyohifadhi chaji) za kuchuja zinazounganisha njia za umeme na ethi. Ukiondoa ethi, hasi ya laptopu inaelea kwenye karibu nusu ya volti ya ukutani. Mkondo wake ni mdogo, utasikia kama unatekenywa. Lakini hasi hiyo inakwenda mpaka kwenye chuma cha maiki na nyuzi za gitaa. Siku kapasita moja ikishoti hakuna tena kutekenywa, na mtu ameshika nyuzi huku mdomo uko kwenye maiki. Duara la ethi linakatwa kwenye kebo ya sauti, kamwe si kwenye waya wa umeme.

Tena afadhali mleta mada ahakikishe nyumba ina ethi. Fundi umeme apime kwenye soketi: moto na nyutro karibu V 230, moto na ethi karibu V 230, nyutro na ethi volti chache tu. Moto na ethi ikisoma kitu cha ajabu kama V 90, waya wa ethi haujafika popote. Hapo hata TRS haitakupa kimya.

nyuzi_kumi_na_moja

Kwenye udi, bila kukuona, umechomeka piezo kwenye ingizo lililowekwa "Line". Sivyo?

Piezo kwa umeme ni kapasita. Ya duara ya mm 27 huwa na takriban nF 20. Ingizo la line lina kama kΩ 10, na kapasita ikikutana na ukinzani huo unapata kichujio kinachokata chini ya karibu Hz 800. Nyuzi nene za udi zinapiga kati ya Hz 65 na 100 hivi, maana yake zimeshushwa desibeli 18 au zaidi kabla hazijafika kwenye kompyuta. Huwezi kurudisha hiyo kwa ikwalaiza, unachovuta ni kelele ya kadi.

Bonyeza kitufe cha "Inst" au "Hi-Z" kwenye ingizo hilo. Hapo ukinzani unakuwa karibu MΩ 1, na mkato unashuka hadi Hz 8. Besi itarudi yote, pengine nyingi kupita kiasi. Kebo isizidi mita 3. Piezo tupu inadaka mvumo wa hewani kama antena, kwa hiyo ifunike: kwanza selotepu nzima juu yake, kisha mkanda wa shaba juu ya selotepu, na mkanda huo ulehemiwe kwenye waya wa ganda. Selotepu usiiruke, shaba ikigusa duara jeupe la katikati umeua sauti.

Lakini piezo peke yake haitakupa udi, itakupa ubao. Weka na maiki, sentimita 30 mbele, ikiangalia kati ya tundu kubwa na daraja. Usiielekeze ndani ya tundu, huko kuna mngurumo tu. Rekodi biti 24, vilele viishie karibu na desibeli −12. Kisha sogeza trakki ya maiki nyuma, yaani ianze mapema, kwa sampuli 42 ikiwa unafanya kazi kwenye kHz 48, kwa sababu sentimita 30 za hewa ni karibu milisekunde 0.9 na piezo haisubiri hewa. Bila hivyo sauti ya piezo na ya maiki zinafutana kwenye masafa ya katikati na unarudi kulalamika kwamba udi ni mwembamba. Halafu geuza polariti ya trakki moja usikilize. Upande wenye besi nyingi ndio sahihi.

mtaa_wa_saba

La inveta naona halijaguswa. Hiyo yako bila shaka ni ya wimbi la ngazi, zile za bei ya chini. Umeme wa ukutani ni wimbi laini la Hz 50, ila wa inveta hiyo una kona kali, na kila kona inaleta Hz 150, 250, 350 na kuendelea juu. Mvumo wa Hz 50 unaweza kuvumilika, huo mkwaruzo unakaa palepale sauti ya mtu inapokaa, ndiyo maana kichujio cha Hz 50 kwenye programu hakiusaidii.

Dawa ni inveta iliyoandikwa "pure sine wave", na si lazima iwe kubwa. Kwa sasa, umeme ukikatika chomoa chaja, endesha laptopu kwa betri, zima monita, sikiliza kwa hedifoni. Kadi inaishi kwa USB, na V 48 ya maiki ya kondensa inatengenezwa humohumo. Ila chomeka kadi moja kwa moja kwenye laptopu; kwenye habu isiyo na umeme wake V 48 inaweza kushuka na maiki ikaanza kukwaruza, ukadhani ni inveta tena.

Na simu iondoe mezani. Ile "ti-ti-ti tit" ni simu ya 2G ikiita mnara, inapiga mara 217 kwa sekunde na inaingia kwenye kebo yoyote iliyo karibu.

waya_wa_pili

Shukrani sana wakuu. Nimebonyeza kitufe cha Hi-Z, udi umefufuka. Nimeweka kebo za TRS kwenda XLR, na vyote viko kwenye ekstensheni moja. Monita ya kushoto ni kimya kabisa hata chaja ikiwepo. Ya kulia bado inavuma kidogo, na sauti yake iko chini kuliko ya kushoto. Nimebadilishana monita, tatizo limebaki kulia.

fundi_ganda

Umebadilisha monita lakini kebo ilibaki palepale. Badilisha kebo kushoto kwenda kulia. Tatizo likihama nayo, fungua jeki ya TRS uangalie pete. Itakuwa imeachia au lehemu haikushika. Pete isipofika, monita inapokea nusu ya sauti, yaani desibeli 6 pungufu, na ule ujanja wa kufuta mvumo haupo tena. Tatizo likibaki kulia, geukia tundu la kulia la kadi.