Blue Lock inatuharibia watoto, au inawaambia ukweli wa mpira?

KochaMchangani
Wakuu, habari za jioni. Naomba tujadili bila matusi.

Nafundisha watoto chini ya miaka 13 huku Mbagala, kwa kujitolea, jioni tatu kwa wiki. Tangu mwaka jana vijana wangu wametekwa na hii katuni ya Kijapani, Blue Lock. Wanaitazama simu moja watu saba chini ya mwembe. Kwa asiyeijua: Japani wametolewa Kombe la Dunia 2018, basi chama chao cha mpira kinamwajiri jamaa mmoja anaitwa Jinpachi Ego, mwembamba kama fito, miwani, muda wote na tambi zake za kopo. Anawafungia washambuliaji vijana 300 kwenye jengo moja na anataka abaki mmoja. Ukishindwa unafukuzwa, na timu ya taifa hutaitwa maisha yako yote. Somo lake ni kwamba straika wa kweli lazima awe mbinafsi.

Sasa Jumamosi tumepata shambulizi, wawili kwa kipa. Mwenye mpira ni kijana wa miaka 12, mgongoni kaandika ISAGI, jina la shujaa wa hiyo katuni, kwa maka peni. Mwenzake yuko peke yake, mikono juu, "nipe, nipe". Huyu kapiga mwenyewe, mpira ukavuka ukuta ukaangukia matuta ya mchicha ya mama mmoja ambaye tayari ana kesi na sisi. Namuuliza kwa nini hukutoa pasi, ananijibu bila kupepesa: "Kocha, Isagi alitoa pasi, wakatolewa."

Sikuwa na jibu. Ndiyo nauliza: tuwazuie hizi katuni, au tukubali kwamba mpira wetu unakosa ubinafsi huo huo?

Binti_Tabata
Katuni ni zile za paka na panya. Hii ni anime, na kabla ya kuwa anime ni manga, yaani kitabu cha hadithi za kuchorwa, inatoka tangu Agosti 2018, mwandishi Kaneshiro, mchoraji Nomura. Mtu mzima mwenye filimbi shingoni hajui tofauti, halafu anataka kuzuia. Umetazama sehemu ngapi wewe?

KochaMchangani
Dada yangu, moja na nusu. Bando likakata.

Binti_Tabata
Basi. Ungefika mechi ya timu Z, timu ya Isagi, na timu X ungemwona Isagi akimpa Kunigami, na Kunigami anafunga. Huyo mtoto kaishia sehemu ya kwanza kama kocha wake.

Mzee_wa_Kona
Mnahangaika na Mjapani bure. Sisi tulicheza chandimu Magomeni, na mwenye mpira ndiye straika, hata kama hajui kupiga. Ukimnyima pasi anauchukua mpira wake anakwenda nao nyumbani, mechi imekwisha dakika ya kumi. Ego alikuwepo mtaani kwetu kabla hajazaliwa.

Beki_Mstaafu
Turudi kwenye chanzo. Hadithi yote hii imezaliwa na mechi moja, Japani na Ubelgiji, Rostov, 2 Julai 2018. Japani wako mbele 2-0, Haraguchi na Inui. Ubelgiji wanarudisha zote mbili. Dakika za nyongeza Honda anapiga kona, Courtois anadaka, anamviringishia De Bruyne, De Bruyne anakimbia nao uwanja mzima hakuna anayemgusa, anampa Meunier kulia, krosi ya chini. Pale katikati yuko Lukaku. Straika, namba tisa, goli hilo hapo. Anauachia mpira unampita. Nyuma yake Chadli anamalizia, 3-2, Wajapani wanaanguka chini.

Nielezeni sasa. Umetolewa na straika aliyeacha kupiga ili mwenzake afunge, unakwenda nyumbani unaandika kwamba dawa ni straika asiyeachia mtu. Wameumwa jino wakang'oa kucha.

Shabiki_wa_Jiji
Lukaku huyu huyu ninayemjua mimi? Aliuacha kwa sababu asingeupata.

Beki_Mstaafu
Mistari kumi nimeandika, wewe umeona Lukaku.

Mwl_wa_Zamu
Mimi pasi hazinitishi, kinachonitisha ni kufukuzwa. Mchezo wa kwanza kabisa mle ndani: watu 12 chumbani, mpira mmoja, saa inahesabu, atakayekuwa amegongwa wa mwisho anaondoka. Isagi anataka kumgonga mnyonge, anaghairi, na mwishowe mpira unatua usoni kwa Kira, yule ambaye nchi nzima ilikuwa inamwita lulu. Kira anatolewa haamini. Na watoto wanaotazama wanashangilia! Nafundisha darasa la saba, uso ule wa Kira naujua. Huwa nauona matokeo yakitoka.

Leo_Hapa_Kesho_Pale
Mwalimu, wewe ndiye wa kumwonea huruma Kira? Shuleni kwetu matokeo yalibandikwa ukutani kuanzia wa kwanza mpaka wa 180. Mimi nilikuwa wa 174. Wanafunzi wote wamesimama mbele ya ile karatasi, mimi naanza kusoma kutoka chini ili nijipate haraka. Blue Lock nimesoma miaka saba na sare nilivaa.

Mwl_wa_Zamu
Ndiyo maana hata NECTA, baraza la mitihani, waliacha kutangaza kumi bora mwaka 2023. Kwa hiyo unakubaliana nami.

Leo_Hapa_Kesho_Pale
Sikubaliani na wewe. Nakukumbusha tu.

Leseni_Daraja_D
Tuanze na mleta mada kwanza. Una leseni gani ya ukocha? Mtoto wa miaka 12 hafundishwi kwa kuulizwa "kwa nini hukutoa pasi" mbele ya wenzake. Unampangia zoezi la wawili kwa mmoja, mara arobaini, mpaka macho yajue yenyewe lini apige lini atoe. Tatizo si Mjapani, tatizo ni kila mwenye filimbi kujiita kocha.

KochaMchangani
Leseni yangu ni filimbi niliyonunua kwa hela yangu na mipira miwili, mmoja umeshonwa mara tatu. Koni zangu ni chupa za maji zilizojazwa mchanga. Njoo na leseni yako Jumanne saa kumi na nusu, lakini uje na mpira.

Leseni_Daraja_D
Nimekupa zoezi la bure, umeshika neno leseni tu.

Nahodha_wa_Likoni
Ama nyinyi mna maneno. Mimi nauliza hili: 2022 kule Qatar, anime yenyewe iko hewani, Japani ya kweli imempiga Mjerumani 2-1, imempiga Mhispania 2-1. Kwa ubinafsi gani? Goli la pili la Uhispania, Mitoma anaukimbilia mpira kwenye chokaa, anauvuta ndani, Tanaka anasukuma kwa goti. Angekuwa egoisti angepiga kutoka nje ya boksi akaenda zake.

Shabiki_wa_Jiji
Ule mpira ulikuwa nje.

Nahodha_wa_Likoni
Haukuwa nje. Mpira ni tufe, tumbo lake lilikuwa bado linaning'inia juu ya mstari.

Shabiki_wa_Jiji
Nje.

Karani_wa_Magoli
Halafu raundi iliyofuata wakatolewa na Kroatia kwa penalti, Livaković kadaka tatu. Minamino, Mitoma, Yoshida. Hapo ndipo Ego angesema "mmeona?" Penalti huna wa kumpasia.

Nahodha_wa_Likoni
Hapo umenishika kidogo. Kidogo tu.

Binti_Tabata
Na wanaosema ni ubinafsi mtupu, kwenye mechi na U-20, timu ya taifa ya vijana ya Japani, msimu wa pili timu nzima inacheza kwa kutumiana. Isagi asingefunga lile la ushindi, 4-3, kama mwenzake Rin asingekuwepo uwanjani.

Tundu_la_Sindano
DADA. Nilikuwa sehemu ya tisa! Umenimalizia uhondo wote bila hata kubisha hodi.

Binti_Tabata
Imetoka 2024, kaka. Uhondo ulishaoza.

Tundu_la_Sindano
Bora hata hivyo, nisiendelee. Msimu wa pili picha zimesimama kama kalenda ya saluni. Mtu anakimbia ananing'inia hewani anaongea dakika mbili, kipa anamsubiri.

Binti_Tabata
Chora wewe tuone.

Shabiki_wa_Jiji
Mnagombania Wajapani wa kuchorwa wakati njaa iko kwetu. Afrika Mashariki nzima imetoa straika mmoja tu wa maana, Samatta wetu wa Tanzania. Kabla yake giza, baada yake giza. Hilo ndilo la kujadili.

Shabiki254
Mmoja tu? Hebu rudia boss. Olunga wetu wa Kenya alifunga mabao saba mechi moja, na ni huko huko Japani mnakojadili.

Karani_wa_Magoli
Manane. 24 Novemba 2019, Kashiwa Reysol 13, Kyoto Sanga 1.

Shabiki254
Manane! Asante karani. Nimemdhulumu moja, naomba radhi kwa Engineer Olunga.

Shabiki_wa_Jiji
Daraja la pili hilo. Kipa alifungwa 13, huyo si kipa, ni mlango wa duka.

Shabiki254
Msimu uliofuata wakapanda. 2020, daraja la kwanza, mabao 28, mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi. Samatta akiwa Aston Villa ya Uingereza alifunga mangapi? Mimi nahesabu kwa vidole na mkono mmoja niko nao mfukoni.

Shabiki_wa_Jiji
Mawili, na moja ni fainali ya Wembley dhidi ya Man City. Olunga Wembley anaiona kwenye runinga kama wewe. Ongeza lile la Anfield kwa Liverpool akiwa Genk ya Ubelgiji, kichwa, Ligi ya Mabingwa. Endelea kuhesabu na Kyoto.

Shabiki254
Cairo, AFCON, Kenya na Tanzania. 27 Juni 2019. Mlitangulia mara mbili, Msuva kisha huyo Samatta wako. Mwisho 3-2, Olunga mawili. Hadi leo hamjashinda mechi hata moja ya fainali za AFCON. Hata moja. Nchi kubwa hivyo.

Shabiki_wa_Jiji
Na nyie 2023 mlikuwa wapi? 2025 je? Sisi tunafungwa tukiwa ndani ya sherehe, nyie mnachungulia dirishani mnahesabu sahani zetu.

KochaMchangani
Jamani. Mada ni watoto.

Karani_wa_Magoli
Mleta mada, subiri, hii inakuhusu. Hao wawili wanaogombaniwa, kuna mtu mmoja aliyecheza na wote. Junya Ito, winga, Mjapani. Olunga alipofika Kashiwa 2018 alimkuta. Februari 2019 Ito akahamia Genk, akamkuta Samatta, msimu ule wakabeba ubingwa wa Ubelgiji. Kazi ya maisha yake ni kukimbia pembeni na kukata krosi, wenzake wafunge wapigwe picha. Kule kwa Ego walikuwa wanamtafuta mfungaji mmoja; mtu kama Ito hata mlangoni asingeulizwa jina. Na ndiye aliyekwenda Kombe la Dunia.

Shabiki254
Kwa hiyo Samatta alibebwa na Mjapani. Ushahidi umepokelewa.

Shabiki_wa_Jiji
Februari! Samatta alishajaza kapu kabla huyo hajashuka kwenye ndege. Na Olunga je, si alicheza naye pia?

Shabiki254
Tarehe tena, soma: Ito aliondoka Februari 2019, mabao manane ni Novemba 2019. Engineer alibaki peke yake ndiyo akafunguka. Huyo ndiye Blue Lock halisi.

Beki_Mstaafu
Mabao manane yanafungwaje na mtu peke yake? Mpira ulikuwa unamfikia kwa posta?

Mzee_wa_Kona
Labda ulikuwa mpira wake.

Leseni_Daraja_D
Hahaha. Mzee umemaliza.

Mwl_wa_Zamu
Hakuna aliyenijibu kuhusu Kira. Mtoto aliyefukuzwa anakwenda wapi? Wale 299 wengine wanafanya nini?

Leo_Hapa_Kesho_Pale
Mwalimu, mimi wa 174 nina duka la vipuri vya pikipiki. Nafungua saa mbili. Usinililie sana.

Tundu_la_Sindano
Samahani nimechelewa, sijasoma nyuma. Hivi lile goli la Ubelgiji lililowatoa Wajapani alifunga nani, Lukaku?

Beki_Mstaafu
Mimi nalala.

KochaMchangani
Ngoja niwape ya leo. Baada ya mazoezi nilimkalisha yule kijana juu ya tofali, nikampa habari yote ya Rostov kama Beki alivyoiandika. Kona ya Honda, Courtois, De Bruyne, krosi, Lukaku anauachia. Nilichora na kijiti mchangani. Kanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatisha hata mara moja, nikasema hapa leo nimepata mtu. Akaniuliza, "Kocha, hilo goli limeandikwa jina la nani?"

Nikamwambia Chadli.

"Basi mimi ndiye Chadli. Mwambie yule mwingine awe Lukaku."

Binti_Tabata
Hahahaha huyo kafika mpaka msimu wa pili peke yake.

Leseni_Daraja_D
Jumanne nakuja. Nina mipira mitatu. Mmoja hauna upepo.

Shabiki254
Huyo mtoto mleteni Kenya, namba tisa inamsubiri.

Shabiki_wa_Jiji
Akafuate nini huko?