Mjadala: Colorado inaongozwa na vyama, au na mitandao ya vikundi iliyo nyuma ya vyama?

Wakuu, salaam.

Kila tukigusa siasa za Marekani tunaishia kubishana kuhusu urais, kana kwamba nchi ile ina uchaguzi mmoja tu. Shule, kodi, bunduki, visima vya mafuta, utoaji mimba: mengi ya hayo huamuliwa na mabunge ya majimbo. Ndiyo maana naomba leo tuliangalie jimbo moja tu, Colorado, kwa sababu lile linaonyesha wazi jambo ambalo kwingine limejificha.

Novemba 2004, siku moja, karatasi moja ya kura. George W. Bush wa Republican anashinda Colorado. Kwenye karatasi hiyo hiyo, Wademokrati wanachukua Baraza la Wawakilishi la jimbo kwa viti 35 dhidi ya 30, na Seneti ya jimbo kwa 18 dhidi ya 17. Zaidi ya miaka 40 ilikuwa imepita bila wao kuyashika mabaraza yote mawili kwa pamoja. Jimbo halikuwa limegeuka rangi usiku mmoja, maana Bush lilimpa kura. Kuna kazi iliyofanyika chini, kwenye viti vidogo ambavyo televisheni za taifa hazivitazami.

Maelezo yanayopendwa ni kwamba matajiri wanne walinunua Bunge. Majina yao yanajulikana: Tim Gill wa programu za kompyuta, Jared Polis aliyetajirika kwa biashara za intaneti, Pat Stryker mrithi wa utajiri wa vifaa vya hospitali, na Rutt Bridges wa programu za kutafutia mafuta. Kweli hela walitoa. Lakini matajiri wanaotoa hela za siasa na kuambulia patupu wako kila uchaguzi, kwa hiyo hela peke yake haielezi kitu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mtu asije akanitafuta: mitandao ile haikununua wapiga kura. Ilichukua kazi ya chama. Na aliyechukua kazi ya chama bila kubeba wajibu wa chama ndiye anayenipa hofu, awe wa kushoto au wa kulia.

Angalieni ilivyokwenda. Mwaka 2002 wananchi wa Colorado walipitisha Rekebisho la 27 la katiba ya jimbo, lililoweka kikomo cha michango: mtu mmoja asimpe mgombea ubunge wa jimbo zaidi ya dola 200 kwenye mchujo na 200 nyingine kwenye uchaguzi wenyewe. Makampuni na vyama vya wafanyakazi wakazuiwa kabisa kumchangia mgombea moja kwa moja. Nia ilikuwa njema. Lakini kikundi kinachofanya kampeni chenyewe, bila kumkabidhi mgombea hata senti, hakikubanwa na kikomo hicho. Chama kikadhoofika, vikundi vya nje vikanenepa. Republican, waliozoea kutegemea chama chao, walichelewa kuliona hilo. Wenzao wakaliona mapema.

Wakakaa meza moja: vyama vya wafanyakazi, wanamazingira, mawakili wa kesi za fidia, watetezi wa haki ya utoaji mimba, na watu wa wale wafadhili. Anayejua kampeni za nyumba kwa nyumba anajua hasara ya vikundi visivyoongea. Asubuhi anabisha hodi kijana wa mazingira, mchana kwenye mlango ule ule anabisha wa chama cha walimu, na mtaa wa pili haufiki mtu. Mkikaa pamoja mnagawana mitaa, mnakubaliana ni viti vipi vichache vinavyoweza kupinduka, na mnaacha vingine vyote. Kikundi kimoja kinapima maoni, kingine kinachapa vipeperushi, kingine kinamwandama mpinzani kwa hoja za kisheria. Katika Bunge la watu 100 tu, viti vitatu au vinne vinatosha kubadilisha utawala.

Asije mtu akadhani kushoto ndiko kulikobuni mchezo huu. Kulia walitangulia kwa miaka mingi. Joseph Coors, wa familia ya bia kule Golden, Colorado, alitoa hela ya kuanzishia Heritage Foundation, kituo cha hoja za kihafidhina, mwaka 1973. Independence Institute, kituo cha hoja za soko huria, kilianza 1985. Focus on the Family walihamia Colorado Springs kutoka California mwaka 1991, na mji ule ukawa kitovu cha vikundi vya Kikristo vya kihafidhina. Mwaka 1992 zikapita kura mbili siku moja: Rekebisho la 1, yaani TABOR (Hati ya Haki za Mlipakodi) ya Douglas Bruce, mwanaharakati wa kupinga kodi, na Rekebisho la 2, lililopiga marufuku sheria za kuwalinda mashoga na wasagaji dhidi ya ubaguzi. Mahakama Kuu ya Marekani ililifuta hilo la pili mwaka 1996, lakini lilikuwa limekwisha kumwamsha Tim Gill, ambaye ni shoga, na hela yake. Ushindi wa mtandao mmoja ndio uliozaa mtandao uliokuja kuushinda.

TABOR bado ipo. Inataka kila ongezeko la kodi lipigiwe kura na wananchi, na mapato ya jimbo yakikua kuliko mfumuko wa bei na ongezeko la watu, ziada irudishwe kwa walipakodi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba imeandika hata maneno ya kwenye karatasi ya kura. Swali la kodi ni lazima lianze, tena huchapwa kwa herufi kubwa, hivi: JE, KODI ZA JIMBO ZIONGEZWE KWA DOLA KADHAA KILA MWAKA… Kiasi chote cha jimbo zima kinatajwa hapo mwanzo, mamia ya mamilioni, kabla hujaambiwa hela inajenga nini. Mtu aliyeshika kalamu anakutana na mzigo kwanza. Huko ndiko kuyashika maamuzi ya watu kwa zaidi ya miaka 30 bila kuhitaji kushika kiti chochote.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Mwaka 2018 wanamazingira walipeleka kwa wananchi Pendekezo la 112: visima vipya vya mafuta na gesi vikae angalau futi 2,500 kutoka kwenye nyumba na shule. Kampuni za mafuta zilimwaga makumi ya mamilioni ya dola kulipinga. Likaanguka. Lakini siku hiyo hiyo Polis, yule yule mfadhili wa 2004, alichaguliwa gavana, na chama chake kikaishika Seneti tena. Aprili 2019, miezi mitano tu baadaye, Bunge lilipitisha sheria iliyobadilisha kazi ya tume ya mafuta na gesi, kutoka kukuza uzalishaji hadi kulinda afya na mazingira. Mwishoni mwa 2020 tume hiyo ikaweka umbali wa futi 2,000, pamoja na misamaha yake.

Mimi binafsi naona umbali ule ni wa haki kwa watoto wanaoishi karibu na visima. Lakini mwananchi aliyepiga HAPANA mwaka 2018 ana haki ya kuuliza: kura yangu ilikwenda wapi? Diwani wake anamjua, mbunge wake anamjua. Mkurugenzi wa kikundi kilicholisukuma jambo hilo hamjui, wala wa kikundi cha kampuni za mafuta kilichomjazia sanduku la barua vipeperushi. Karibu nusu ya waliojiandikisha kupiga kura Colorado hawana chama. Wanadhani wamejiweka pembeni, kumbe siasa yao inapangwa kwenye meza ambazo hazina hata kadi ya uanachama.

Na ukomo wa vipindi unaongeza chumvi. Tangu kura ya 1990, mbunge wa jimbo anakaa miaka 8 mfululizo kwenye baraza lake, basi. Kikao ni siku 120 kwa mwaka. Mbunge mgeni anaingia, wasaidizi wawili watatu, miswada mamia. Anayemletea takwimu, rasimu iliyokwisha andikwa na mashahidi wa kwenye kamati ni kikundi. Mbunge ataondoka, kikundi kitabaki na kumbukumbu yote.

Kwa hiyo nauliza: vikundi hivi vilazimishwe kutaja wafadhili wao wote wakubwa, kama mgombea anavyolazimishwa? Mimi nasema ndiyo. Karibuni.

—

Mchangiaji:

Mleta mada, nimekusoma kwa makini na nakuheshimu, ila kwenye mambo mawili sikubaliani nawe.

La kwanza, unawafanya wapiga kura wa Colorado kama kondoo. Historia yao inakukana. Mwaka 2013, baada ya mauaji ya Aurora ya 2012 ambako watu 12 waliuawa kwenye jumba la sinema, Bunge lilipitisha sheria za bunduki: kila mnunuzi akaguliwe, na magazini zisizidi risasi 15. Wananchi wenye hasira wakakusanya saini, na Septemba mwaka huo, kwa kura maalum ya kuwaondoa kabla ya muda wao kwisha, wakawang'oa maseneta wawili, John Morse wa Colorado Springs, aliyekuwa rais wa Seneti, na Angela Giron wa Pueblo. Haikuwahi kutokea katika jimbo lile. Upande uliowatetea ulikuwa na hela nyingi zaidi, na ukashindwa. Hata 2018 unayoitaja, watu wale wale waliomchagua Polis walikataa kodi ya shule. Mwaka 2019 na 2023 wakakataa kuilegeza TABOR. Hao wanachagua chama wanachotaka na kukikatalia wasichotaka.

La pili ndilo kubwa. Unataka majina yatajwe. Alabama ilitaka hivyo hivyo miaka ya 1950. Ilidai orodha ya wanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, na kila mtu alijua mweusi ambaye jina lake lingeonekana pale angepoteza kazi, au zaidi ya kazi. Mwaka 1958 Mahakama Kuu ikasema hapana. Usiri unaouona wewe kama pazia la tajiri, kwa mnyonge ni paa. Kikundi ni watu waliokusanyika. Ukikivunjia kikundi mlango, umewavunjia watu.

—

Mleta mada:

Ahsante sana mkuu. Hoja ya NAACP imenikalisha chini, na sitaipita juu juu.

Nianze na bunduki, maana umeitaja nusu. Hao maseneta wawili hawakung'olewa na hasira tupu. Hasira ilikuwepo, ya kweli, lakini kukusanya maelfu ya saini kwa wakati kunahitaji watu wenye orodha na uzoefu, na vikundi vya wenye bunduki vilikuwa navyo. Halafu mahakama iliruhusu wagombea waingie hadi siku chache kabla ya uchaguzi, kwa hiyo karatasi hazikuweza kutumwa kwa posta. Jimbo lililozoea kupigia kura mezani nyumbani likalazimika kwenda kituoni, na anayekwenda kituoni mwezi Septemba ni yule mwenye jambo linalomuwasha. Mwaka uliofuata viti vyote viwili vilirudi kwa Wademokrati. Sheria za bunduki hazikufutwa. Sasa niambie, wananchi wa Pueblo walitaka nini hasa: ya Septemba 2013 au ya Novemba 2014? Mimi naona walitaka yote mawili, kwa sababu waliofika kituoni mara ya kwanza si waliofika mara ya pili. Mwenye uwezo wa kuchagua nani afike ana nguvu kubwa kuliko mwenye uwezo wa kubadilisha mawazo.

Kuhusu majina. Umesema kweli, na nilipoandika "wafadhili wote wakubwa" sikupima vya kutosha. Orodha ya wanachama iachwe. Mwalimu anayechangia dola 50 kwa kikundi cha haki za mashoga katika mji mdogo asitajwe popote, leo wala kesho. Lakini aliyelipa laki za dola kwa kipeperushi kinachomtaja mgombea kwa jina wiki tatu kabla ya kura si mnyonge anayejificha chini ya paa. Kilichoniudhi zaidi katika sheria za kule ni kwamba zipo kinyume: mgombea anaripoti wachangiaji wake wadogo, huku kikundi kilichosajiliwa kama cha ustawi wa jamii kinaweza kupokea hundi kubwa bila umma kujua imetoka wapi. Ulinzi uliopiganiwa na weusi wa Alabama umeazimwa na watu ambao hakuna anayeweza kuwafukuza kazi.

Kikomo kiwekwe wapi, ndipo bado sijatulia. Dola 5,000? Dola 20,000? Kikundi kidogo cha wapangaji kinaweza kuwa na mfadhili mmoja tu wa maana, na akitajwa akatishwa, kikundi kimekufa. Hapo nataka nisikie na wengine, hasa waliowahi kuendesha asasi na kusaini hundi zake.