Mjadala: Galaksi huzima au huzimwa?

Wa Ng'ambo (mfungua mada)
Assalaam alaykum jamaa. Juzi barazani tumebishana mpaka kahawa imepoa, naleta suali hapa. Kwa nini galaksi nyingine, yaani yale makusanyo makubwa ya nyota na gesi, huacha kuzaa nyota?

Yetu hii, ambayo ukiwa shamba usiku wa kiza unaiona imepita juu kama moshi, bado inazaa, ila kidogo: kwa mwaka hugeuza gesi yenye uzito wa kama majua mawili hivi kuwa nyota. Miaka bilioni 10 iliyopita ulimwengu ulikuwa ukizaa kama mara kumi ya sasa. Leo kuna majitu kama galaksi ya M87, yamejaa nyota kongwe nyekundu, mpya hazionekani ila kwa nadra.

Nyota huzaliwa kwenye gesi ya baridi kali, kama nyuzi 260 chini ya sifuri. Gesi ya moto haijikusanyi. Mie nasema galaksi huzimwa, na mzimaji ni shimo jeusi la katikati, kitu kizito mno ambacho hata nuru haichomoki. La M87, lile ambalo picha yake ilitolewa Aprili 2019, lina uzito wa majua bilioni 6.5 na linarusha mkondo wa chembe za kasi unaofika maelfu ya miaka ya nuru (mwaka wa nuru ni masafa ambayo nuru huenda kwa mwaka mzima). Katika kundi la galaksi la Perseus kuna gesi tele ya moto wa mamilioni ya nyuzi. Ilitakiwa ipoe, imwage nyota. Haipoi, kwa sababu shimo la katikati linapuliza mapovu yanayoipasha. Kila chungu kikitaka kupoa, yupo anayechochea kuni.

Anayepinga aje na hoja.

Mpemba Halisi
Yakhe, mbona unamtwika mtu mmoja? Mnakumbuka Unguja ilivyokaa kizani kuanzia Disemba 2009, karibu miezi mitatu, waya wa chini ya bahari ulipoharibika? Taa zilikuwa nzima. Umeme ndio haukuja. (Sisi Pemba tulikuwa na majenereta yetu Wesha, poleni.)

Galaksi nazo ndivyo. Gesi mpya kutoka nje ikikatika, iliyobaki ndani hutumika taratibu mpaka ikaisha. Na alama yake ipo. Kila kizazi cha nyota huacha metali kwenye gesi; gesi mpya ya nje ikiingia huzizimua, ikikatika huzidi kujaa. Wanafalaki huita metali kila kilicho kizito kuliko heliamu, hata oksijeni, msinicheke mie. Kama gesi ingepeperushwa kwa ghafla, nyota za galaksi iliyokufa zingekuwa na metali sawa na za galaksi hai ya kimo chake. Utafiti uliochapishwa 2015, wa galaksi zaidi ya 26,000, ulikuta zilizokufa zina metali nyingi zaidi. Maana yake ziliendelea kupika na kilichobaki jikoni, kwa kiasi cha miaka bilioni 4. Hiyo si kazi ya kipigo kimoja.

Wa Ng'ambo
Bilioni 4? Darubini ya angani ya James Webb imeichunguza galaksi ya mbali iitwayo GS-9209, matokeo yakatoka 2023. Ile imeacha kuzaa ulimwengu ukiwa na umri wa kama miaka milioni 800 tu! Hiyo miaka yako bilioni 4 utaiweka wapi? Na shimo lake ni kubwa kupita lilivyotarajiwa kwa galaksi ya kimo kile.

Mwalimu wa Wete
Wanangu, mnazungumza kama kwamba galaksi zote ni za kimo kimoja. Disemba au Januari nendeni pwani ya kusini pasipo na taa, mtazame kusini. Mtaona vipande viwili vya wingu ambavyo upepo hauvisogezi. Hayo ni Mawingu ya Magellan, galaksi ndogo jirani zetu. Bado yanazaa nyota, lakini gesi yake inavuja: yanavutana yenyewe kwa yenyewe, na gesi ya moto iliyoizunguka galaksi yetu inayapangusa. Nyuma yake kuna mkia mrefu wa gesi. Galaksi nyingine ndogo zinazotuzunguka kwa karibu, karibu zote zimeshakauka. Hapo shimo jeusi halina kesi, kesi ni ya jirani mkubwa.

Tena Webb imeona galaksi ndogo iliyosita kuzaa ulimwengu ukiwa na miaka milioni 700. Huenda ile haikuzima wala haikuzimwa. Imezimia tu, itazinduka.

Nakuuliza wewe wa Ng'ambo: shimo likishatulia, nani anaizuia galaksi kubwa isianze tena?

Baharia wa Nungwi
Hayo mawingu hata huku yapo? Kusini kwetu hoteli zinawaka mpaka alfajiri.

Mwalimu wa Wete
Yapo, taa ndizo zinazowanyima. Panda gari uende Makunduchi.

Wa Ng'ambo
Mwalimu, za ndogo nimekubali. Kwa kubwa, shimo halitulii moja kwa moja. Hulala, huamka, hupuliza tena, na gesi ya nje inabaki na moto, haishuki.

Mpemba Halisi
Haishuki! Hebu rudia. Gesi ya nje haifiki ndani, ya ndani inakwisha. Si ndio waya wangu huo umekatika? Karibu Pemba, yakhe.

Wa Ng'ambo
Waya umekatika, sawa. Mie tokea mwanzo nauliza aliyeukata.