MREJESHO: Dodoma hadi Moshi kwa basi na kichanga

Wadau habari, mimi ndo yule niliyeomba ushauri wa kusafiri na mtoto mchanga kutoka Dodoma kwenda Moshi kwa wakwe, tumefika salama, asanteni mno.

Aliyesema nisubiri kwanza chanjo za wiki 6 nilimsikiliza, nesi wa kliniki akamcheki akasema yuko fiti, kadi nikaiweka kwenye pochi siyo begi la kwenye buti. Siti za katikati upande wa kushoto zilisaidia sana maana asubuhi mkiwa mnaelekea Kondoa jua linapiga kulia, ila mchana kupita Babati likahamia kwetu ikabidi tufunge khanga dirishani (dirishani jamani, siyo usoni kwa mtoto, hilo mlinionya nikalishika).

Kunyonyesha kila akishtuka ndo kulituokoa, maji sikumpa hata tone japo kuna mama siti ya nyuma alinikomalia eti mtoto ana kiu, nikamwambia mama, maziwa yanamtosha mpaka miezi 6, akanuna mpaka Arusha.

Kilichogoma ni kumwomba konda wasimame mara kwa mara, alicheka tu akapita zake, kwa hiyo pampasi nikabadilisha mapajani kwenye zile kona za Bereko na ikamwagikia gauni lote, halafu mtoto akalia basi zima likatujua.

Kurudi tutafuata ule ushauri wa dada wa Singida, tunakata safari na kulala Babati.