Wanatuita kwenye kupanga, wanatufungia mlango kwenye bajeti. Imetosha!

Wakuu,

Nimeshindwa kunyamaza. Nimeusoma upya mpango kabambe wa eneo letu (mpango mkuu wa miaka mingi unaoonyesha kipi kijengwe wapi), ule uliopitishwa kwa makofi na picha za pamoja, na nimeamua kuleta hasira zangu hapa kwa sababu najua hatuko peke yetu. Halmashauri nyingi zina kitabu cha aina hii: ramani za rangi, dira ya miaka 20, dibaji ya mkubwa, halafu huko nyuma kabisa, kurasa ambazo hakuna anayezifikia, jedwali la utekelezaji. Nendeni mkalifungue la kwenu. Kwenye letu, mtaro mkubwa wa maji ya mvua umeandikwa hivi. Mhusika: "wadau wote". Muda: "muda wa kati". Chanzo cha fedha: "vyanzo mbalimbali". Hakuna kingine.

Mtaro huo ndio watu waliousemea kuliko kitu chochote kwenye mikutano ya maoni. Mama mmoja alisimama, akaenda mpaka kwenye ramani iliyotandazwa mezani, akaweka kidole mahali maji yanapovunja ukingo na kuingia majumbani. Mtaalamu akabandika alama nyekundu palepale alipoonyesha. Alama ile imechapishwa kitabuni, na picha ya yule mama ameinama juu ya ramani ipo ukurasa wa mbele. Maji nayo yanaendelea kupita palepale kwenye alama. Wamemchukua picha, wamechukua maoni yake, mtaro hawajampa.

Ukiuliza unaambiwa "fedha hazitoshi" au "upo kwenye mchakato". Mchakato upi? Umefika hatua ipi? Upo mezani kwa nani? Hapo ndipo ninapochemka, maana njia ya kutoka kwenye mpango hadi mradi uliokamilika inajulikana, na kila hatua ina karatasi yake. Wazo linatolewa kwenye mpango kabambe na kuingizwa kwenye programu ya uwekezaji ya miaka mitatu hadi sita, likipangiwa mwaka na makisio. Linafanyiwa upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kama linawezekana na lina faida, kisha usanifu na michoro. Ardhi inapimwa, wenye haki wanalipwa fidia. Ndipo linapata kifungu kwenye bajeti ya mwaka, zabuni inatangazwa, mkataba unasainiwa, msimamizi anateuliwa. Mradi usiokuwa na karatasi hata moja kati ya hizo hauko kwenye mchakato wowote. Umelala, na anayesema upo kwenye mchakato anatudanganya mchana kweupe.

Ardhi nayo inaua miradi mingi, na hili watu hawaambiwi. Mpango unachora njia ya mtaro, halafu idara iliyo mlango wa pili inaendelea kutoa vibali vya ujenzi juu ya njia hiyohiyo. Miaka inapita. Siku fedha zinapopatikana, palipochorwa mtaro pana nyumba za watu waliojenga kwa vibali halali, na fidia imekuwa kubwa kuliko gharama ya mtaro wenyewe. Aliyetoa kile kibali ana mpango kabambe kwenye kabati lake. Hakuufungua, na hakuna aliyemwajibisha.

Halafu bajeti. Kwenye mkutano wa dira tuliitwa kwa vipaza sauti, maji ya kunywa yakagawiwa, kila mtu akapewa nafasi ya kusema. Wakati wa kuamua kipi kiingie kwenye fedha za mwaka huu na kipi kisubiri, hakuna kipaza sauti. Nyaraka zinabandikwa siku chache tu kabla ya kikao, zimejaa namba za kasma (vifungu vya matumizi kwenye bajeti) ambazo hazitaji mtaa wala jina la mradi, na madiwani wenyewe wanapitisha kitabu kizima kwa kikao kimoja. Mwaka 1969 Sherry Arnstein, Mmarekani, aliandika makala akiupanga ushiriki wa wananchi kama ngazi ya vidato vinane, chini kabisa kukiwa na watu wanaokusanywa ili waonekane wameshirikishwa, juu kabisa wananchi wanaoshika maamuzi. Zaidi ya nusu karne imepita na sisi bado tunawekwa vidato vya chini, tunasaini karatasi ya mahudhurio.

Najua wapo watakaokuja kusema nchi haina pesa, mipango mikubwa ni ya matajiri. Fedha hazijawahi kutosha popote pale, na waliofanikiwa waliweka foleni ya wazi. Chicago, Marekani, ilipata mpango wake maarufu mwaka 1909, kazi ya Daniel Burnham na Edward Bennett, uliogharamiwa na klabu ya wafanyabiashara. Haukuwa na nguvu ya sheria hata chembe. Jiji likaunda tume ya kuusukuma mwaka uleule, mpango ukageuzwa kitabu cha kufundishia watoto shuleni, halafu mradi mmoja mmoja ukapelekwa kwa wapiga kura kuomba ridhaa ya kukopa kwa hati fungani, yaani hati za mkopo ambazo jiji huziuza na kuzilipa baadaye kwa riba. Kati ya 1912 na 1931 wananchi waliidhinisha hati fungani 86 zilizohusu mpango huo, kwa miradi 17, jumla ya dola milioni 234. Daraja la Michigan Avenue likafunguliwa 1920. Yapo yaliyokwama: lile jumba kuu la serikali lenye kuba kubwa lililochorwa kwa mbwembwe halikujengwa kamwe. Lakini mwananchi wa pale alijua anapigia kura daraja gani na anakopa kiasi gani. Sisi tunapiga kura kwa ajili ya nini hasa, "vyanzo mbalimbali"?

Oklahoma City, hukohuko Marekani, walifanya kwa njia nyingine. Desemba 1993 walipiga kura kukubali kodi ya senti moja kwa kila dola ya manunuzi, kwa miaka mitano tu, kwa orodha ya miradi tisa iliyotajwa kwa majina: uwanja wa besiboli, mfereji, ukumbi wa michezo, maktaba na mingine. Hawakukopa, walijenga kadiri fedha zilivyoingia, na kamati ya wananchi ikaangalia matumizi. Gharama zikapanda, kama zinavyopanda kote. Mwaka 1998 wakarudi kwa wapiga kura na kuomba miezi sita zaidi ya kodi ili wamalize orodha, wakapewa. Maktaba, ya mwisho katika orodha, ikafunguliwa 2004. Hicho ndicho ninachokidai: rudini mtuambie. Mkikwama, njooni mseme mmekwama wapi na kimepungua kiasi gani. Kunyamaza mpaka uchaguzi mwingine, kisha kuja na dira mpya yenye jalada jipya, ni dharau.

Na suala la gharama nalo lina uovu wake. Makisio yanashushwa makusudi ili mradi upite. Utafiti wa Bent Flyvbjerg na wenzake, uliochapishwa 2002, uliangalia miradi 258 ya usafiri katika nchi 20 na kukuta tisa kati ya kumi ilizidi makisio. Reli kwa wastani wa asilimia 45, barabara asilimia 20. Hao walikuwa na wahandisi na wakaguzi. Sasa fikiria kwetu, makisio yameandikwa na mtu ambaye hajakanyaga eneo la mradi. Ndiyo maana tuna majengo yaliyoishia kwenye linta, nondo zimechomoza juu zinashika kutu, na kila mwaka yanahesabiwa kwenye taarifa kama "yanaendelea".

Kuna wengine wanasema wananchi wachangie nguvu zao. Sina ugomvi na hilo hata kidogo, nina ugomvi na namna linavyotumika. Kule Orangi, kitongoji kikubwa kilichojijenga chenyewe Karachi, Pakistan, mradi ulioanzishwa na Akhtar Hameed Khan mwaka 1980 uliwasaidia wakazi kujenga mabomba ya majitaka ya vichochoro vyao kwa fedha zao na kwa kusimamia wenyewe, kichochoro kwa kichochoro, kila kimoja na kiongozi wake. Lakini kulikuwa na mgawanyo: choo, bomba la nyumbani na la kichochoroni ni la wakazi; mkondo mkuu na mtambo wa kusafisha ni kazi ya serikali. Wakazi walichimba wakijua maji yao yanakwenda wapi. Huku tunaambiwa tuchange, tuchimbe mbele ya milango yetu, na mtaro mkuu haujachimbwa. Maji ya mitaro yetu midogo yaende wapi? Yanaishia kwa jirani wa chini, halafu majirani tunagombana wenyewe kwa wenyewe.

Mfano unaonitia hasira zaidi ni Porto Alegre, kule Brazil, kwa sababu unaonyesha yote mawili, jinsi ya kufanya na jinsi ya kuua. Kuanzia 1989 wakazi walikutana kwa kanda, wakapanga vipaumbele, wakachagua wajumbe wa baraza la bajeti, na kila mwaka jiji likachapisha kijitabu cha uwekezaji: mradi huu, mtaa huu, kiasi hiki. Mwananchi alikuwa anakwenda na kijitabu mkononi kuuliza mkandarasi yuko wapi. Kaya zilizounganishwa na maji na majitaka zilipanda kutoka asilimia 75 mwaka 1988 hadi 98 mwaka 1997. Baadaye tawala zikabadilika, fedha zikabana, miradi iliyopigiwa kura ikarundikana bila kujengwa, watu wakakata tamaa, na mwaka 2017 utaratibu ukasimamishwa. Watu wakiona wamesema na hakikujengwa kitu, hawarudi. Ndicho kinachotokea kwetu sasa hivi. Mkutano wa mwisho wa maoni viti vilikuwa vitupu, na mkubwa mmoja akasimama kulalamika kwamba wananchi hawana mwamko! Walikuwa na mwamko, wakauleta, mkaufungia kabatini.

Sidai mpango mpya. Msituletee mshauri mwingine wala warsha nyingine. Nadai karatasi moja tu kila mwaka, ibandikwe ukutani pale ofisini na isomwe kwenye mkutano wa hadhara: kila mradi ulioahidiwa kwenye mpango kabambe, umefika hatua ipi, ardhi imepatikana au bado, umetengewa kiasi gani mwaka huu, umepokea kiasi gani hasa (kutengewa na kupokea ni mambo mawili tofauti kabisa, waliowahi kufuatilia bajeti wanajua), na afisa mmoja, kwa jina na cheo, anayeujibia. Kisha ukikamilika, tuambiwe kipindi cha matazamio (muda wa kuangalia kasoro baada ya ujenzi) kinaisha lini na sehemu ya malipo ya mkandarasi inayoshikiliwa mpaka kasoro zirekebishwe bado ipo au ameshalipwa yote, na nani atausafisha mtaro mwaka wa pili. Mtaro uliozibwa na taka hauna tofauti na mtaro usiojengwa.

Kwa upande wetu baadhi yetu tumekubaliana: badala ya kwenda kwenye mkutano wa dira, tutakwenda kwenye kikao cha baraza siku ya bajeti, kikao ambacho wananchi wanaruhusiwa kukaa na kusikiliza, na kila atakayekwenda atabeba nakala ya ukurasa wa lile jedwali. Swali letu kwa diwani ni moja: mtaro upo kasma ipi? Kama haupo, nani aliuondoa na kikao gani?

Wakuu, kwa wale mliowahi kupata programu ya uwekezaji ya halmashauri yenu, ile ya miaka kadhaa yenye majina ya miradi na si majumuisho: mliiomba kwa nani, kwa barua au kwa mdomo, na walipowakatalia mlikwenda wapi? Wahandisi na maafisa mipango mliomo humu, semeni na ninyi, hata kama ni kumtetea tuliyemlaumu.