Tupeane uzoefu: shughuli za vyama vya Wahungaria Marekani, kuanzia moto wa szalonna hadi dansi ya zabibu

Mkata Bima
Wakuu, salaam. Tuko wengi Pennsylvania, Ohio, New Jersey na Michigan, na ukumbi wa Wahungaria hauko mbali. Wapo waliooa au kuolewa huko, wapo waliokata bima ya vyama vyao wakajikuta wanachama wa tawi na kupangiwa zamu ya jikoni. Naomba tukusanye hapa ujuzi wa kazi yenyewe: vipimo, hatua, kinachoharibika na sababu yake. Visa vya fulani kafanya nini tuviweke kando.

Kwa asiyefahamu, hivi kwa asili ni vyama vya kufa na kuzikana. Mwaka 1886 wachimbaji wa makaa ya mawe pale Hazleton, Pennsylvania, walianzisha Chama cha Msaada cha Verhovay. Mchimbaji akifa, mjane hakuwa na pa kushika: sheria ya fidia kwa wafanyakazi ilipitishwa Pennsylvania mwaka 1915. Desemba 19, 1907 mgodi wa Darr ulilipuka ukaua watu 239, wengi wao Wahungaria. Ada ndogo ya kila mwezi ndiyo iliyonunua jeneza na unga. Mwaka 1955 Verhovay iliungana na chama cha Rákóczi, wakachukua jina la William Penn.

Na jambo hili watu hulisahau: sheria ya kodi ya Marekani huvipa vyama vya aina hii msamaha kwa masharti mawili, kwamba vilipe mafao kwa wanachama na kwamba viendeshwe kwa matawi. Tawi ni watu wanaokutana. Kwa hiyo karamu tunazozieleza hapa si pambo juu ya bima. Tawi lisilokutana limebaki orodha ya majina. Karibuni.

Makaa Meusi
Nianze na szalonnasütés, shughuli ya kiangazi inayokusanya watu kwa gharama ndogo, na inayoharibiwa sana na haraka.

Szalonna ni bamba la mafuta ya nguruwe lililokaushwa kwa moshi, ngozi ikiwa bado juu yake, na nyama ndani ni mistari tu. Bekoni ya dukani iliyokatwa nyembamba haifai, hukauka kabla haijadondosha kitu. Mwagize mchinjaji bamba zima, la tumbo au la shavu. Kadiria gramu 200 hadi 250 kwa mtu mzima. Watu 60 ni kilo 12 hadi 15, pamoja na mikate 12 ya rai ya kilo moja moja. Mboga zake: matango kilo 5, nyanya kilo 6, pilipili hoho kilo 4, vitunguu kilo 3 na mafungu kama 15 ya figili. Zikatwe ndogo kama kachumbari, ila chumvi isitiwe mapema. Ikitiwa mapema mboga hutoa maji, na mkate uliolowa maji haunywi mafuta tena.

Kata vipande vya upana wa vidole vinne. Upande wa mafuta uchanjwe mistari ya kukatana, kila sentimita moja, kisu kishuke hadi karibu na ngozi bila kuitoboa. Ngozi ndiyo inayoshika kila kitu. Kijiti kipite sambamba na ngozi, chini yake tu. Ukikipitisha katikati ya mafuta, yakilainika kipande kinateleza na kutumbukia.

Moto uwashwe muda wa saa mbili kabla ya watu kufika. Mwaloni ni mzuri, mtufaa na mcheri pia. Msonobari usitumike kabisa, utomvu wake huacha ladha ya rangi ya mbao. Kinachotakiwa ni makaa, moto unaoruka hautakiwi.

Sasa kazi yenyewe. Shika kijiti kwa mshazari, kipande kiwe ukingoni mwa makaa. Kwanza mafuta yanang'aa, kisha yanaanza kulia na tone la kwanza linajikusanya kwenye ncha. Hapo hapo, kabla halijaanguka, peleka kipande juu ya mkate ukipanguse. Rudisha motoni. Rudia mara sita au saba, mpaka uso wa mkate uwe na madoa ya rangi ya dhahabu kutoka ukingo hadi ukingo. Panga mboga juu, ongeza matone mengine, halafu kata kile kikoko cha nje cha szalonna kilichokauka, kikae juu ya mboga. Mafuta yaliyobaki kwenye ngozi yanarudi motoni kwa mkate unaofuata.

Kosa kubwa ni kuacha mafuta yadondokee makaa. Ndimi hupanda, kipande hupakwa masizi, na mkate wote unaofuata unakuwa mweusi na mchungu. Likitokea, sogeza makaa pembeni na usimwage maji: maji juu ya mafuta yanayowaka hurusha moto kwa watu. Ndoo ya mchanga iwe karibu tangu mwanzo, na watoto wawe na duara lao, vijiti vyao viwe virefu kuliko vya wakubwa.

Bint Pwani
Asante mkuu. Niongeze dogo kuhusu adabu. Wazee huitwa kwa jina likifuatiwa na néni kwa mwanamke, bácsi kwa mwanamume: Mari néni, Pista bácsi. Kumwita mzee jina tupu ni sawa na kumkosea. Mtoto akiingia ukumbini humsalimu mtu mzima kwa "csókolom", kifupi cha maneno yanayomaanisha nabusu mkono wako. Kwa sisi tuliolelewa na shikamoo, hilo halihitaji maelezo. Mfundisheni mtoto neno hilo moja kabla ya kumpeleka, na mtaona nyuso za wale bibi.

Jingine: wapo wazee ambao hawagonganishi glasi za bia. Kwa simulizi yao, Waaustria waligonganisha za kwao walipowanyonga na kuwapiga risasi majenerali 13 wa Kihungaria mjini Arad, Oktoba 6, 1849. Inua glasi, tazama macho, inatosha.

Halafu nina swali kwa watu wa jikoni. Sisi tusiokula nguruwe tukialikwa, tushike kipi na tuache kipi?

Mama Sinia
Dada, swali zuri, na lijibiwe kwa ukweli, maana nguruwe hujificha humo kuliko mtu anavyodhani.

Gulyás ni nyama ya ng'ombe, lakini vitunguu vyake kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Pogácsa, vile vimkate vidogo vya chumvi, mara nyingi vina mafuta hayo ndani ya unga, na vingine vina vikoko vya nguruwe vilivyosagwa. Beigli, mkate mtamu wa kuviringwa wenye jozi au mbegu za popi ndani, huonekana salama, ila wapo wanaoukanda unga wake kwa mafuta yale yale. Lángos, mkate bapa wa kukaanga, hukaangwa kwa mafuta ya mimea au ya nguruwe, inategemea ukumbi. Supu ya baridi ya cheri chachu hutiwa mvinyo na baadhi ya wapishi, na keki kadhaa zina ramu.

Uliza hivi: "Van benne disznózsír?" Maana yake, kuna mafuta ya nguruwe ndani? Uliza siku ya maandalizi, siku ya karamu mpishi hana nafasi. Matawi mengi yatakubali kupika sufuria ndogo pembeni kwa mafuta ya alizeti ikiwa wamejua siku tatu kabla. Na uangalie upawa: sufuria safi yenye upawa uliotoka kwenye kolbász, soseji ya nguruwe, haikusaidii.

Upawa Mrefu
Gulyás ya watu 100, kwa sufuria ya chuma ya kuning'iniza, ile wanayoiita bogrács. Kwao gulyás ni supu, na anayetaka mchuzi mzito anataka pörkölt, mapishi mengine.

Nyama ya muundi ya ng'ombe kilo 18, vitunguu kilo 8, mafuta lita moja na nusu, paprika tamu gramu 500, kitunguu saumu vichwa 10, kisibiti vijiko 10 vya chai, karoti kilo 4, viazi kilo 10. Kisibiti kisibadilishwe kwa bizari nyembamba. Zinafanana machoni, ila sufuria itanukia pilau.

Vitunguu vikaangwe polepole, dakika 30 hadi 40, mpaka vilainike kabisa. Hivyo ndivyo vinavyotia uzito, unga wa ngano hautiwi. Halafu inakuja hatua inayoangusha wengi. Paprika ina sukari nyingi na huungua kwa sekunde chache, ikiungua supu nzima inakuwa chungu na rangi inageuka kahawia. Ondoa sufuria motoni. Subiri mlio wa mafuta unyamaze. Mimina paprika yote, koroga mara tatu nne, kisha mara moja mwaga vikombe viwili vya maji. Ndipo nyama iingie na sufuria irudi motoni. Paprika ikiungua, mwaga uanze upya: hakuna kiungo kinachoficha uchungu huo.

Nyama ichemke taratibu kwa saa mbili na nusu, maji yakiongezwa kidogo kidogo. Viazi viingie dakika 30 za mwisho. Vikitangulia vitavurugika.

Mama Sinia
Nami niongeze csiga, maana mikono inayoijua inapungua. Ni tambi ndogo zenye umbo la konokono, za supu ya kuku ya harusi. Kina mama hukaa mezani mchana kutwa wakizisokota, mifuko inauzwa, fedha inatengeneza paa la kanisa au la ukumbi.

Unga kilo moja, mayai 8 hadi 10, maji hakuna. Kanda mpaka uwe mgumu kama sikio. Sukuma wembamba, kata miraba ya sentimita moja na nusu. Weka mraba mmoja kwa pembe juu ya kibao chenye mifereji, weka kijiti chembamba kwenye pembe, sukuma mbele kwa kidole gumba mara moja. Mraba unajiviringa na mifereji inajichora juu yake. Uchomoe.

Hukosewa sana kwenye kukata. Ukikata miraba mingi kwa pamoja hukauka ndani ya dakika chache na kupasuka ikiviringwa. Kata kiganja kimoja tu, unga uliobaki ufunikwe kwa bakuli. Zikishasokotwa zitandazwe kwenye shuka siku mbili, zikigeuzwa. Ukizifunga mfukoni zikiwa na unyevu zitaota ukungu.

Mwanatawi wa Toledo
Szüreti bál, dansi ya mavuno ya zabibu, Septemba au Oktoba. Chini ya dari hutandazwa wavu wa kamba, zabibu zinaning'inizwa. Vijana waliovaa mavazi ya asili ni walinzi wa shamba, huitwa csősz. Mgeni anacheza, anachuma zabibu kwa siri, akikamatwa anapelekwa mbele ya hakimu na mkewe, anatozwa faini. Watu hutaka kukamatwa. Faini iwe ndogo, dola moja au mbili, ili mtu akamatwe mara tano bila kununa.

Kwa wageni 150, zabibu kilo 30 hadi 40. Chagua zenye ganda gumu, za kijani au nyekundu. Nyeusi zilizoiva sana huacha madoa kwenye blauzi nyeupe zilizotariziwa kwa mkono, na doa hilo halitoki. Funga kwa uzi wa pamba kwenye kikonyo kikuu, waya hukikata. Urefu wa mita 2.3 hadi 2.5 kutoka sakafuni ndio unaofaa: mtu anyooshe mkono, asiruke. Zitundikwe asubuhi ya siku hiyo hiyo. Zikitundikwa jana, joto la ukumbi hulegeza vikonyo na zinaanza kudondoka wakati wa csárdás, dansi ya wawili wawili.

Na hapo ndipo pa hatari. Csárdás huanza polepole, lassú, hatua mbili kulia mbili kushoto, kisha huingia friss na kasi inapanda mpaka wanandoa wanazunguka. Zabibu moja iliyopondwa sakafuni inamwangusha mtu wa miaka 70. Weka watu wawili wenye deki yenye unyevu, kazi yao iwe hiyo tu usiku kucha, na waingie kila wimbo unapokwisha. Wavu usifungwe kwenye vinyunyizio vya zimamoto wala usizibe taa za mlango wa dharura.

Kama bendi ina cimbalom, ala ya nyuzi inayopigwa kwa vijiti, iache ifike muda wa saa mbili kabla. Ina nyuzi zaidi ya mia, na hewa baridi ikiipiga huvurugika, kwa hiyo isikae karibu na mlango.

Katibu wa Mkoani
Mambo ya makaratasi kwa ufupi. Pennsylvania bahati nasibu ndogo inahitaji leseni, na chama huiomba kwa mweka hazina wa kaunti. Iombeni mapema, msichapishe tiketi kwanza. Fedha ya faini, ya jikoni na ya bahati nasibu zikae kwenye visanduku vitatu, zihesabiwe na watu wawili kabla ya mtu kuondoka. Zikichanganywa usiku huo, asubuhi hakuna anayeweza kuzitenganisha, na maneno huanza.

Mkata Bima
Nimeshukuru sana. Upawa Mrefu, gulyás ikibaki? Sufuria ile haiingii kwenye friji.

Upawa Mrefu
Usiiache ipoe humo humo. Chuma kinatunza joto, katikati ya supu hukaa vuguvugu mpaka alfajiri na inachacha. Gawa kwenye trei pana, kina kisizidi sentimita 5, usifunike. Kanuni ni kushuka kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne nyingine. Ukiweka trei juu ya barafu na kukoroga kila dakika kumi, utawahi. Viazi havipendi kugandishwa, hugeuka sponji, kwa hiyo vichuje kwanza, na supu tupu ndiyo igandishwe.

Makopo ya supu ya kupelekewa wagonjwa na wazee wasioweza kufika yajazwe mwanzo kabisa, kabla foleni haijafunguliwa, yaandikwe jina na tarehe, na dereva awe ameshapangwa.