Land Cruiser 80 ya porini: nibaki na otomatiki au nihamie manyuali?

Mwendambio (mtoa mada, Mbeya)

Wakuu, habari za majukumu. Nina Land Cruiser 80 yenye injini ya 1HD-T ninayoijenga upya kwa safari za porini. Bodi imeshanyooshwa, difu zote mbili zimefunguliwa na kufungwa upya, springi za mzigo zimeingia, matairi ni inchi 33. Kilichobaki ni giaboksi. Gari lilikuja na otomatiki ya A440F, gia 4, nayo inahitaji kufunguliwa na kubadilishwa vitu vya ndani. Wakati huohuo kuna mtu Dar anauza H151F ya manyuali, gia 5, ikiwa na transfa yake (kisanduku kinachogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma), pedali, flaiwili na shafti. Nikijumlisha na ufundi, gharama zinakaribiana, kwa hiyo tusibishanie pesa.

Njia zangu ni hizi: kupanda Matamba kupitia zile kona 57 za Chimala hadi Kitulo, bonde la Usangu wakati wa masika, na Ruaha wakati wa kiangazi, mito ikiwa imebaki mchanga mtupu. Mzigo ni mizinga ya nyuki, maji, mapipa ya asali wakati wa kurudi, na hema juu ya paa. Tunaendesha wawili, mimi na mke wangu, na sote tunajua gia za aina zote mbili. Naomba kuelimishwa na waliotumia, siyo waliosikia.

Fundi Klachi (Dar es Salaam)

Mkuu, chukua hiyo H151F leo hii kabla hajaja mwingine. Nakupa hesabu. Gia ya kwanza ya H151F ina uwiano wa takriban 4.08, lo (gia nzito ya mwendo wa polepole) ya transfa ya 80 ni karibu 2.49, difu ni 4.11. Ukizidisha unapata kama 42 kwa 1. Injini ikiwa sailensa, mizunguko 750 hivi kwa dakika, na matairi yako ya inchi 33, gari linatembea chini ya kilomita 3 kwa saa bila kugusa pedali yoyote. Mtu anatembea kwa miguu pembeni anakuonyesha mawe.

Otomatiki yako gia ya kwanza ni kama 2.95 tu. Kwa transfa na difu zilezile unapata 30 kwa 1. Tofauti hiyo utaiona siku unayoshuka Matamba mvua imenyesha na una mzigo mgongoni.

Halafu kuna jambo la betri. Betri ikifa porini, manyuali unaisukuma au unaiachia kwenye mteremko, inashika. Otomatiki utakaa hapo mpaka mtu apite na jampa.

Dada Ihefu (Mbarali)

Fundi, hesabu yako ni sahihi lakini umeiacha njiani. Otomatiki ina konveta (inayounganisha injini na giaboksi kwa oili badala ya klachi), na konveta gari likiwa linaanza kusogea inaongeza nguvu ya injini karibu mara mbili. Hiyo 30 inafanya kazi kama 60 pale gari linapotaka kunyanyuka kwenye shimo. Ndiyo maana otomatiki haizimi ovyo kwenye mwamba.

Kaka Mwendambio, mimi naishi kwenye huo udongo mweusi unaouzungumzia. Masika ya Usangu ukikata nguvu sekunde moja tu ili ubadili gia, umeisha. Tope linakamata matairi, unarudi na gia ya kwanza, matairi yanazunguka, yanachimba, gari linakaa kwa tumbo. Kwenye otomatiki unaweka lo, unachagua gia ya pili, unashikilia mafuta kwa upole na nguvu haikatiki hata mara moja. Mume wangu ana manyuali, mimi nina otomatiki, na kwenye tope la kwetu gari langu ndilo linalotangulia kutafuta njia.

Dereva wa Seneto (Arusha)

Naheshimu maneno ya dada, na kwenye tope yuko sahihi. Ila mimi kazi yangu ni kupeleka wageni kreta ya Ngorongoro, nashuka Seneto na kupanda Lerai, na karibu magari yote ya kazi huku ni Land Cruiser 70 Series ya manyuali. Sababu siyo mazoea peke yake.

Mteremko mrefu ndio unaopima giaboksi. Manyuali ikiwa gia ya kwanza lo, injini imeshikana na matairi moja kwa moja kupitia klachi, gari linashuka kwa mwendo wa injini na breki zinapumzika. Otomatiki za zamani konveta inateleza wakati wa kushuka, gari linaongeza kasi lenyewe, unalazimika kugusagusa breki. Kwa mteremko mfupi hakuna shida. Kwa kona 57 na mzigo wa asali, breki zinapata moto, oili ya breki ikichemka pedali inazama mpaka chini. Hapo hakuna mjadala wa otomatiki wala manyuali, ni kumwomba Mungu.

Jambo la pili ni nani atakutengenezea. Klachi pleti, preshapleti na bearingi ya klachi utavipata Iringa, Mbeya, Makambako, na fundi wa kuvifunga yupo karibu kila mji. Otomatiki iliyokufa inahitaji fundi anayeijua, na mafundi hao wanahesabika.

Mchanga wa Chalbi (Nairobi)

Ndugu zangu wa Tanzania, salamu. Hapa kwetu watu hujenga magari kwa ajili ya Rhino Charge, yale mashindano yaliyoanza 1989 kuchangisha pesa za ua wa Aberdare. Anayeshinda ni aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi ndani ya saa 10. Mwendo kasi hauhesabiwi, kwa hiyo gari linapita kwenye makorongo ambayo mbuzi angeyazunguka. Nimeona magari ya aina zote mbili yakimaliza.

Nilichojifunza kwa kuangalia ni kwamba otomatiki inampa dereva mguu wa kushoto. Unashika breki kwa kushoto, unaongeza mafuta kwa kulia, gari linapanda mwamba inchi kwa inchi bila kurudi nyuma. Kwa manyuali una pedali tatu na miguu miwili. Dereva hodari anaweza, lakini klachi ndiyo inayolipa. Na klachi ikishaungua kwenye korongo, hata ukiwa na duka la vipuri ndani ya gari, ni kazi ya siku nzima ukiwa umelala chini ya transfa.

Mswahili wa Muscat

Assalaam alaykum. Mie nipo Oman, wikiendi tunakwenda mchanga wa Sharqiya. Huku Nissan Patrol Y61 ya manyuali bado ina wapenzi wengi sana, kwa hiyo msiseme manyuali haiwezi mchanga. Inaweza, kwa mwenye mguu. Pepo za matairi tunazishusha mpaka PSI 15 hivi, na mteremko wa tuta tunashuka kwa gia bila breki.

Lakini nimeona klachi nyingi zikifukuza moshi kwenye tuta moja, gari likiwa limezama na dereva anang'ang'ania kutoka kwa nguvu. Otomatiki katika hali hiyo haiungui papo hapo, inapata joto. Tofauti ni kwamba joto unaweza kulipima na kulipoza. Majira ya joto hewa yenyewe inapita digrii 45, na hatuingii mchangani bila kipoza oili cha ziada na kipimo cha joto kwenye dashibodi. Bila viwili hivyo, nisingemshauri mtu otomatiki.

Fundi wa Oto (Moshi)

Hapo Muscat amegusa penyewe. Nimefungua otomatiki nyingi, nami naona watu wanaiogopa kwa sababu hawajui inakufaje. Inakufa kwa joto na kwa maji. Meno ya ndani ni magumu.

Oili ya giaboksi ikifanya kazi kati ya digrii 80 na 95 inadumu. Ikipita 120 inaanza kuharibika haraka, inapoteza ulaini, klachi za ndani zinaanza kuteleza, zikiteleza zinaleta joto zaidi. Kinacholeta joto hilo ni konveta kuteleza kwa muda mrefu: gari zito, mlima, mwendo mdogo, ukiwa hai (high, yaani gia za kawaida za transfa). Ndiyo maana namwambia kila mteja, ukiona njia imekuwa nzito weka lo mapema. Lo inapunguza mzigo kwenye konveta na joto linashuka mwenyewe unaliona kwenye kipimo. Wengi wanapanda mlima mzima wakiwa hai kwa kuona lo ni ya kukwama tu.

Maji nayo yana njia mbili. Ya kwanza ni rejeta. Oili ya giaboksi inapozwa ndani ya tenki la chini la rejeta, na rejeta kuukuu likitoboka ndani, maji na oili vinachanganyika. Ukitoa dipstiki ukaona rangi ya maziwa ya waridi, usiwashe gari tena. Ya pili ni kipumulio. Giaboksi ikiwa ya moto halafu ukaingia mtoni, inapoa ghafla na kuvuta hewa. Kama mpira wa kipumulio uko chini, inavuta maji. Mpira huo upandishe mpaka juu ya injini. Ni kazi ya mchana mmoja.

Kuhusu A440F yenyewe: haina kompyuta. Inabadili gia kwa presha ya oili, na kuna kebo inayotoka kwenye pampu ya dizeli kuiambia umekanyaga mafuta kiasi gani. Porini hiyo ni baraka, hakuna waya wa kukatika ukaachwa na gia moja. Lakini kebo ikilegea, presha inakuwa ndogo, gia zinaingia kwa kuteleza na giaboksi inakufa polepole huku mwenye gari akifurahia jinsi gia zinavyoingia kwa ulaini. Ikikazwa kupita kiasi, gia zinachelewa na kugonga.

Fundi Klachi

Fundi wa Oto nakubali elimu hiyo. Nami niongeze upande wangu ili mtoa mada asidhani klachi ni ya kufunga na kusahau. Ukivuka maji, usikanyage klachi ukiwa katikati. Pleti zikiachana maji yanaingia na utateleza mpaka zikauke. Na H151F unayonunua, mwambie muuzaji atoe transfa ukague meno ya shafti pale inapoingia. Yanalika taratibu na ukifunga bila kuangalia utashusha tena. Bearingi ya nyuma ya krenki pia haimo kwenye injini ya otomatiki, hakikisha umeinunua.

Na kuvutwa je? Gari likiharibika Ruaha likavutwa mpaka barabarani, otomatiki si itaungua?

Fundi wa Oto

Weka transfa kwenye N. Matairi na shafti vinazunguka lakini giaboksi inabaki imesimama. Kama ni mbali, toa shafti zote mbili. Inayoungua ni ile iliyovutwa transfa ikiwa imeshikana na giaboksi huku injini imezimwa, maana pampu ya oili inazungushwa na injini.

Tukitazama viwandani, Toyota wenyewe wameshaelekea huko. 70 Series kuanzia mwishoni mwa 2023 imepata injini ya 2.8 ya 1GD-FTV na otomatiki ya gia 6. Kwenye Hilux yenye injini hiyohiyo, ya otomatiki imepewa msokoto wa Nm 500 na ya manyuali imepunguziwa hadi 420. Habari ya kwamba otomatiki ni ya mjini imepitwa.

Dereva wa Seneto

Hilo silikatai, lakini hizo gia 6 siyo A440F ya miaka ya 1990. Kwenye mteremko bado nasimama na neno langu. Mkuu ukibaki na otomatiki, shuka Matamba ukiwa lo na lever iwe L tangu juu kabisa, usisubiri gari lishike kasi ndipo uanze kutafuta gia. Na oili ya breki badilisha yote, mpya.

Mwendambio

Wakuu mmenielimisha, shukrani sana. Tumekaa na mke wangu tukaisoma mada yote. Kilichotuamua ni maneno ya dada Ihefu na ya Muscat: safari zetu nyingi ni tope na mchanga, na huko ndiko tunakokwama. Mteremko mkubwa tunao mmoja, tunaujua kona kwa kona. Tunabaki na A440F. Rejeta linabadilishwa jipya, kipoza cha ziada na kipimo cha joto vinaingia, betri zinakuwa mbili kumjibu Fundi Klachi. Kwa magari ya wageni yenye madereva wanaobadilishana ningefanya kama Dereva wa Seneto.

Swali la mwisho: kipoza nikiweke mbele ya rejeta au pembeni? Na kipimo kisome joto la wapi?

Fundi wa Oto

Weka mbele ya rejeta, lakini acha nafasi hewa ipite, na kiwe na feni yake kwa sababu kwenye lo gari halina upepo. Oili ipite kwanza kwenye rejeta, kisha kwenye kipoza, ndipo irudi. Kipimo ufunge kwenye bomba linalotoka giaboksi kabla halijafika rejeta. Hapo ndipo unaona joto la kweli la konveta. Ukikifunga kwenye bomba la kurudi utasoma oili iliyokwisha poa. Baada ya kilomita 1,000 za kwanza mwaga oili, fungua sampo, safisha sumaku, weka oili mpya ya Dexron III. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Ukiona vipande, nitumie picha kabla hujawasha.

Dada Ihefu

Kaka, masika yakianza pitia kwetu kabla hujaingia bondeni. Njia ya kushoto ya mfereji hubadilika kila mwaka, nitatangulia.